Mama wa Kalenda

Siku ya kwanza kazini nilipewa kiti kinachoyumba, kompyuta iliyofutika herufi, na nafasi ya kukaa nikimtazama mama yangu mchana kutwa.

Alikuwa ukutani mbele yangu, ukubwa wa mlango. Amekaa kwenye benchi la mbao chini ya dirisha la wodi, miguu pekupeku, ameinamia kifurushi cha shali ya bluu alichokipakata. Uso wake unaonekana nusu tu, lakini mimi ningemtambua hata kwa kisigino. Chini ya picha kuna maneno meupe: *Alirudi nyumbani mikono mitupu. Msaidie mama mwingine asirudi hivyo.*

Pale ofisini hakuna aliyejua kwamba ni mama yangu, na mimi sikufungua mdomo. Kwenye barua ya maombi nilikuwa nimeandika kwamba napenda kazi ya uhusiano wa umma tangu utotoni na kwamba nina kiu ya kujifunza, maneno ambayo kila mwanafunzi wa chuo huyaandika akitafuta mahali pa kufanyia mafunzo. Ukweli ni kwamba nilikwenda pale kuishusha ile picha.

Nieleze vizuri, nisije nikaonekana mkorofi bure. Shirika letu (nasema letu, nimeshazoea) halitafuti faida. Linanunulia hospitali mashine za joto za kulaza watoto njiti, wale wanaozaliwa kabla ya siku zao, na linawafundisha wauguzi kuzitumia. Ni kazi nzuri na sina kinyongo nayo. Lakini kila mwaka linatoa kalenda, linazigawa bure kwenye zahanati, na kila mwaka picha ni ile ile. Mtaani kwetu mama anaitwa Mama wa Kalenda. Kuna wanaomwita hivyo kwa mapenzi na kuna wanaomwita kwa kejeli, na yeye huwaitikia wote sawasawa.

Nilikuwa bado mdogo nilipoiona mara ya kwanza. Nilikuwa napekuapekua sanduku lake la nguo, kazi niliyokuwa hodari kwayo, nikakuta foronya chini kabisa. Ndani yake mlikuwa na kalenda za miaka na miaka, zimekunjwa kwa uangalifu. Nikachomoa moja, nikamkimbilia kwenye cherehani.

"Mama, huyu si wewe?"

Mguu wake ukasimama juu ya pedali. "Ni mimi. Rudisha ulipoitoa."

"Mbona wanasema mikono mitupu? Na mimi je?"

Akainama, akakata uzi kwa meno. "Hao wana maneno yao," akasema, na cherehani ikaanza tena kulia.

Sikupata zaidi ya hapo, si siku ile wala miaka iliyofuata. Mama yangu ukimwuliza asichotaka kukijibu, anashona. Basi nikajijibu mwenyewe. Nilijua kwamba nilizaliwa njiti, katika hospitali ile ile ya pichani, nikiwa mdogo kiasi cha kutosha kwenye kiganja. Mama hakuwa na mtoto mwingine. Jirani yetu fundi viatu ana mzaha wake asiouchoka, kwamba mimi ni kifungua mimba na kitinda mimba kwa mpigo. Kwa hiyo kile kifurushi cha bluu kilikuwa ni mimi. Nilikuwa nimelala pale mapajani, napumua, na mtu mwenye kamera akaenda kuutangazia ulimwengu kwamba nimekufa. Nilikua na hasira hiyo. Kila mwaka mpya mama alipopitia zahanati kuchukua kalenda, nilijua anazikusanya ili watu wasizione, na roho iliniuma kwa niaba yake.

Ofisi yenyewe ilikuwa vyumba vinne juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Ukiongea na simu huku chini wakikata mabati, lazima uombe radhi. Printa yao inaitwa Bibi, kwa sababu hukohoa kwanza na lazima ipigwepigwe mgongoni ndipo itoe karatasi. Dereva anaitwa Taratibu, na ukipanda gari lake mara moja huulizi sababu. Mimi nikaitwa Mwanafunzi, na jina likashika kabla ya saa ya chai.

Aliyenipokea ni mkuu wa mawasiliano, mwanamke wa makamo anayevaa miwani yenye kamba shingoni. Wote wanamwita Madam. Nilikwenda nimejiandaa kumchukia, na nakiri alinipa kazi ngumu. Ni mtu anayekushika mkono akikusalimu na hauachii mpaka umjibu kweli kweli. Wiki ile ya kwanza alinifundisha kuandika taarifa kwa waandishi wa habari, kupiga simu redioni bila kujikanyaga, na jambo moja ambalo chuoni sikuwahi kulisikia. Wao wanaliita kusomea.

Kusomea ni hivi. Shirika haliandiki habari ya mtu likaitoa hivi hivi. Likishaandika, Madam hubeba karatasi, humfuata mwenyewe nyumbani au kazini kwake, akamsomea kwa sauti neno kwa neno, pamoja na maneno ya chini ya picha. Akimaliza anauliza swali moja tu: "Huyu ni wewe?" Mtu akisema siyo, maneno yanafutwa pale pale.

Mara ya kwanza alinichukua kwenda kwa fundi baiskeli ambaye mtoto wake alikaa kwenye mashine zetu na sasa anatembea. Tulimkuta amechuchumaa, mikono imejaa grisi, gurudumu limening'inia mbele yake. Madam akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akasoma ukurasa mzima. "Huyu ni wewe?"

Fundi akajikuna kidevu kwa kiwiko. "Ni mimi, ila pale mliposema nilipiga magoti koridoni nikalia. Sikulia mimi. Nilitoka nikaenda kununua vocha ya simu."

"Vocha?"

"Sasa ningefanya nini, Madam? Nilikuwa sina la kufanya. Nikanunua vocha, nikakaa nayo mkononi."

Madam akafuta magoti na machozi, akaandika vocha. Nilitaka kucheka, lakini nilipousoma upya ule mstari, uliniingia kuliko ule wa mwanzo.

Tuliporudi garini nikashindwa kujizuia. "Madam, na yule mama wa ukutani, alisomewa?"

Taratibu akaniangalia kwenye kioo. Madam akafunga mkanda.

"Yule hatukumsomea. Picha ile ni ya zamani kuliko utaratibu huu. Baadaye tulimtafuta, hatukumpata."

Hamkumpata, nikasema moyoni, na kila mwaka anakuja kuchukua kalenda yenu zahanati. Nilijiambia nitasema wakati wake ukifika, na kumbe wakati wenyewe ulikuwa mlangoni.

Shirika lilikuwa linakaribia kuadhimisha kumbukumbu ya kuanzishwa kwake, na wafadhili walikuwa wamelipia bango kubwa kwenye mzunguko wa barabara kuu. Mama huupita mzunguko ule karibu kila siku, amebeba sare za shule alizoshona kuzipeleka dukani. Asubuhi moja Madam aliniwekea mezani nakala ya bango lile.

"Mwanafunzi, kagua herufi vizuri. Mchapaji anaisubiri, mwisho wa wiki linapandishwa."

Nikaiangalia. Picha ile ile, benchi lile lile, maneno yale yale. Nikaona uso wa mama umetundikwa juu ya magari, na yeye chini anasubiri kuvuka na mzigo wake kichwani, na wapita njia wanatazama juu, kisha wanamtazama yeye. Damu ikanipanda.

"Herufi ziko sawa," nikasema. "Ila maneno ni ya uongo."

Vichwa vikageuka. Hata Bibi aliacha kukohoa.

"Unasemaje?"

"Huyu ni mama yangu, Madam. Mama yangu mzazi. Na hicho kifurushi ni mimi. Sikufa. Mmenizika miaka yote hii na mimi niko hapa nawapigia simu za redio."

Nilikuwa nimeyapanga maneno hayo tangu utotoni, na katika mipango yangu nilikuwa nayasema kwa sauti ya juu, watu wanatahayari. Yalitoka na kilio. Madam alivuta kiti, akakaa karibu yangu, akaitazama picha ukutani, kisha mimi, kisha picha.

"Hicho kidevu," akasema polepole. "Sijui kwa nini sikukiona."

Kisha akaniambia. Picha aliipiga yeye mwenyewe, na maneno yale aliyaandika yeye. Alikuwa mwanafunzi wa mafunzo, mgeni kama mimi, ametumwa hospitali na kamera ya ofisi. Alimwona mwanamke kwenye benchi, akamwuliza muuguzi aliyekuwa akipita, na muuguzi akamjibu kwamba yule amepoteza mtoto. Akapiga. Hakumsogelea kumwuliza lolote.

"Nilimwonea haya," akasema. "Nikaogopa kumsumbua. Nilipoanza kuelewa nilichofanya, ndipo nikaanzisha kusomea. Na sasa unaniambia hata muuguzi sikumsikia vizuri."

Alipiga simu kwa mchapaji, akamwambia asimamishe kila kitu. Akanigeukia. "Tutaenda kwenu kesho tumsomee. Akisema hapana, hili bango halitoki, na hii ya ukutani nitaishusha kwa mikono yangu."

Nilikuwa nimeshinda. Jioni nilirudi nyumbani nikijihisi mwepesi, halafu nikashindwa kumwambia mama. Nilimwambia asubuhi, mguu mmoja nje, kwamba ofisi ninayofanyia mafunzo ni ile ya kalenda na kwamba mkubwa wangu anakuja kumwona mchana. Nilitegemea anigombeze kwa kumficha. Alinyoosha kola ya shati la shule kwa kidole, akainyoosha tena.

"Ndiye aliyepiga picha?"

"Ndiye."

"Aje," akasema.

Tulipofika alikuwa ameshafagia, ameondoa rundo la sare juu ya kiti cha wageni, na yeye amekaa mahali pake nyuma ya cherehani. Madam akaingia, akamshika mkono, hakuuachia.

"Habari za hapa, mama."

"Salama, dada. Karibu kiti."

Madam hakuzunguka. Alisema yeye ni nani, alifanya nini, na kwamba alipaswa kuja zamani. Mama alimsikiliza akiitazama meza. Kisha Madam akafungua ile nakala ya bango, akailaza juu ya cherehani, akasoma. Yalikuwa maneno machache tu, lakini aliishia katikati, ikabidi aanze upya. *Alirudi nyumbani mikono mitupu. Msaidie mama mwingine asirudi hivyo.*

"Huyu ni wewe?" akauliza.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilikuwa nasubiri neno moja, siyo, nililosubiri tangu siku ile ya foronya. Mguu wa mama ulikuwa juu ya pedali na haukusogea.

"Ni mimi," akasema. Akaweka kidole chini ya maneno. "Ila hapa pa mikono, siyo. Nilirudi na huyu." Akanionyesha kwa kidevu.

"Nimeelewa, mama. Basi tunazishusha. Zote."

Mama akainua uso. "Nani amesema mshushe?"

Nikafikiri sikusikia vizuri. Yeye akasimama, akaenda kwenye sanduku, akarudi na ile foronya. Akazitoa kalenda moja moja, akazipanga mezani, nyingine zimepauka, nyingine bado zinanukia wino. Mama yule yule, shali ile ile.

"Dada, nina swali langu moja," akasema. "Siku ile ulipiga hii tu? Hukupiga nyingine, labda ulizungukia upande wa huku, ambapo uso wake unaonekana?"

"Uso wa nani, mama?"

"Wa mtoto."

Madam akanitazama mimi, nami nikamtazama mama.

"Mimi niko hapa, mama," nikasema, kama mjinga.

"Wewe ulikuwa ndani." Hakuniangalia. Alikuwa analainisha kona ya kalenda kwa kiganja, vile anavyolainisha kitambaa kabla ya kukikata. "Mlikuwa wawili. Yeye alitangulia, wewe ukamfuata. Mashine iliyofanya kazi ilikuwa moja tu, na ndani kulikuwa na mtoto wa mwenzangu, ikabaki nafasi ya mmoja. Wewe ulikuwa unalia. Yeye alikuwa kimya. Muuguzi akamchukua anayelia."

Nje barabarani mtu alikuwa anaita wateja. Nakumbuka nilimchukia mtu yule kwa kuwa na sauti.

"Wakanipa yeye nimpakate. Nikatoka naye nje nikakaa. Walipokuja kumchukua, hospitali ndiyo ikamzika, mimi nilikuwa sijaruhusiwa hata kutembea mbali. Sikuonyeshwa ni wapi. Na shali wakaondoka nayo."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Kwamba mahali ulipolala palikuwa pa wawili? Ukue na mzigo huo mgongoni, kila ukiumwa mafua udhani unalipizwa?" Sauti yake haikupanda. "Ulikuwa mtoto. Baadaye ukawa mkubwa, nami nikawa nimeshazoea kunyamaza."

Hasira yangu yote, niliyoilea vizuri hivyo, ilikuwa imekosa mahali pa kukaa. Nilikuwa nimekwenda kumtetea mama dhidi ya uongo, na uongo wenyewe ulikuwa nusu ya ukweli wake, nusu ile aliyokuwa akiifunga ndani ya foronya.

Mama akamrudia Madam. "Kila mwaka nilikuwa naenda kuangalia. Nasema labda mwaka huu watabadilisha, watatoa ile nyingine. Siku ile nilisikia kamera ikilia zaidi ya mara moja, au nilidhani." Akamngoja. "Hakuna nyingine?"

Nimeshaona watu wakitafuta namna ya kulainisha jibu, na kwa kazi yetu hiyo ndiyo riziki. Madam alivua miwani, ikabaki ikining'inia kwenye kamba.

"Hakuna, mama. Nilipiga moja tu, nikakimbia."

Mama akatikisa kichwa, polepole, mara kadhaa. "Haya," akasema. "Basi ni hii." Akaanza kuzikunja zile kalenda, nami nikasogea kumsaidia. Tulizikunja pamoja mpaka ya mwisho, ile mpya, nayo tukaiacha wazi.

"Kwa hiyo bango?" Madam akauliza kwa sauti ndogo. "Nifanyeje?"

"Liwekeni. Nani mwingine atamwona, kama si hivyo? Ila andikeni sawasawa." Akanigeukia mimi. "Si ndiyo kazi uliyokwenda kujifunza? Chukua kalamu."

Nikatafuta kalamu. Mama akaniambia maneno naye amerudi kwenye kiti chake, mikono juu ya cherehani, na mimi nikaandika nyuma ya nakala ya bango, nimepiga magoti sakafuni kati ya vipande vya vitambaa. Alikuwa anakatiza na kurudi nyuma, anafuta neno, anaweka lingine. Aliponyamaza nikasubiri, na hakuongeza.

"Msomee," Madam akaniambia.

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusomea mtu. Nikasoma:

*Nilijifungua wawili. Mashine ilikuwa na nafasi ya mmoja. Aliyelala humo yuko hai, ndiye aliyeandika maneno haya. Huyu niliyempakata ni kaka yake.*

Neno kaka lilinishinda. Sijawahi kulitamka kwa mtu wa kwangu. Nilipolipita, nilikaa kidogo nikatulia, kwa sababu kulikuwa na swali la kuuliza na utaratibu ni utaratibu.

"Huyu ni wewe?"

Mama akainamia ile picha, karibu sana, namna anavyoinama kutunga sindano. Akaweka kidole juu yake mwenyewe, kisha juu ya shali. Kisha akakipandisha mpaka kwenye lile dirisha la wodi juu ya benchi, ambalo miaka yote ile sikuwahi kulitazama, akakiacha pale.

"Nilichagua benchi hili kwa sababu hapa nilikuwa nakusikia ukilia," akasema. "Andika ni sisi. Sote watatu."